Kambale wadogo wa akwariamu: namna ya kuwafuga wasikufie wiki ya kwanza

Ukimtajia mtu kambale, kinachomjia kichwani ni yule mweusi wa matopeni, bwawa likikauka anajizika kwenye tope, anavuta hewa ya juu, anasubiri mvua. Sasa mtu akianza kufuga samaki wa mapambo akasikia kuna kambale wadogo wa kuweka kwenye tangi la sebuleni anajua na hao ni wagumu hivo hivo, analeta wawili watatu, anawatia kwenye maji aliyojaza juzi, wiki ikiisha hana hata mmoja. Alafu anasema hawa samaki ni dhaifu. Mi naomba tuelewane mapema, sio dhaifu, ni samaki wa maji yaliyokomaa, ukiwawekea maji mabichi umewaua hata kama tangi linang'aa vipi.

Nitaongelea watatu ambao nimekaa nao miaka na ndo watu wanawapoteza sana.

Wa kwanza ni kambale kioo, yule unayemwona mifupa yote ukimwangalia ubavuni, matumbo yake yote yako kwenye kifuko kidogo cha rangi ya fedha nyuma ya kichwa na huko kote kwingine unaona majani yaliyo nyuma yake. Jina la kitaalamu ni Kryptopterus vitreolus, kwao ni mito ya Thailand. Miaka mingi alikuwa anaitwa kwa majina ya ndugu zake mpaka 2013 Ng Heok Hee na Maurice Kottelat wakampa jina lake mwenyewe, kwaiyo ukikuta maandishi ya zamani yanasema anafika sentimita 15 ujue hapo anaongelewa ndugu yake Kryptopterus bicirrhis, huyu wetu anaishia 6 au 7 hivi.

Wa pili ni kori, wale wa Amerika ya Kusini wanaochimbachimba mchanga siku nzima. Jina Corydoras limetoka kwenye Kigiriki, kofia ya chuma na ngozi, manake hawana magamba, wana mabamba ya mfupa yaliyopangwa safu mbili kila ubavu kama vazi la vita. Mwaka 2024 wataalamu waliligawa hilo kundi, wengine wakahamia majina kama Hoplisoma na Osteogaster, ila sisi wafugaji bado tunasema kori na tunaelewana.

Wa tatu ni oto, yaani Otocinclus, kadogo ka sentimita 4, kana mdomo wa kunyonya, kanakaa kwenye kioo na majani kanakula utando na mwani. Huyu ndo anayekufa kuliko wote na sababu yake ni njaa, tutafika huko.

Maji kwanza, samaki baadae

Hapa ndo nitakaa sana kwa sababu ukiweza hapa hayo mengine ni madogo.

Samaki anatoa amonia, nyingi inatokea mashavuni anapopumua, nyingine inatoka kwenye kinyesi na chakula kilichooza. Amonia ni sumu. Kwenye filta iliyokomaa kuna bakteria wanaoigeuza iwe naitriti, na naitriti nayo ni sumu manake inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, alafu bakteria wengine wanaigeuza hiyo naitriti kuwa naitreti ambayo ikiwa kidogo haina shida, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawaji na maji, wanazaliana taratibu kwenye sponji, kwenye mchanga, kwenye mawe, na inachukua kama wiki 4 mpaka 6 wawe wa kutosha. Tangi la siku tatu linaweza kuwa na maji masafi kabisa kwa macho na bado hakuna kitu cha kuishughulikia hiyo amonia, ndo hayo naita maji mabichi.

Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Niliambiwa na niliyenunua kwake kwamba maji yakishalala siku mbili yako tayari, nikaweka kambale kioo wanne kwenye tangi la siku kumi, asubuhi ya nne nikaamka nikakuta wawili wamegeuka weupe kama karatasi. Kambale kioo akifa ule uangavu unapotea, anakuwa mweupe wa maziwa, na ukishaona ile rangi mara moja husahau. Wale wawili waliobaki wakafuata. Nilipima maji baadae, amonia ilikuwa juu sana, na sikuwa hata na kipimo ndani ya nyumba kabla ya hapo. Kwaiyo ninaposema nunua kipimo kabla ya samaki nasema kitu kinachoniuma.

Namna ya kukomaza: jaza tangi, weka dawa ya kuondoa klorini, washa filta na hita, alafu uwape bakteria chakula. Unaweza kutumia amonia tupu isiyo na sabuni wala manukato, unaweka mpaka kipimo kisome kama miligramu 2 kwa lita, au ukikosa unatia chakula cha samaki kidogo kila siku kinaoza humo. Pima kila baada ya siku mbili tatu. Utaona amonia inapanda, alafu inaanza kushuka huku naitriti inapanda, alafu na naitriti inashuka naitreti inaonekana. Siku ukiweka zile miligramu 2 jioni na kesho yake muda kama huo amonia ni sifuri na naitriti ni sifuri, hapo filta inafanya kazi, badilisha maji mengi kupunguza naitreti, alafu ndo ufikirie samaki. Kama una rafiki mwenye tangi zima la siku nyingi na samaki wake hawaumwi muombe kipande cha sponji iliyochafuka ya kwenye filta yake, hicho kipande kinafupisha safari sana, ila kisikauke njiani.

Vipimo vya matone naviamini kuliko vile vijikaratasi.

Na tangi likishakomaa usiliharibu mwenyewe. Watu wengi wanatoa sponji wanaiosha bombani mpaka inakuwa mpya, klorini inaua wale bakteria wote na tangi linarudi siku ya kwanza huku samaki wamo ndani. Osha kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, kamua mara mbili tatu, rudisha, basi.

Kubadilisha maji, robo mpaka theluthi kila wiki, maji mapya yawe na joto lile lile au karibu, yameshawekwa dawa ya klorini. Usikae miezi miwili alafu ukabadilisha yote kwa siku moja kwa kuona umejitahidi. Ndani ya hiyo miezi miwili pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inakuwa imeshuka pole pole na samaki wamezoea, ukiirudisha juu kwa ghafla unawashtua, na kama kulikuwa na amonia ambayo kwenye pH ya chini haikuwa na makali basi pH ikipanda inageuka sumu hapo hapo. Kambale hawa wanavumilia pH kuanzia 6 mpaka 7.5 hivi, maji laini (yenye madini machache) au ya kawaida, na kwa kweli namba yenyewe sio ya kuihangaikia sana kama kutokuyumba kwake. Sijawahi kuona dawa ya kushusha pH ikamsaidia mtu anayeanza. Ukitaka pH ishuke kidogo weka magogo na majani makavu ya mkungu, yanatoa rangi ya chai, na hiyo rangi inapunguza ukali wa mwanga, kitu ambacho kambale kioo anakipenda sana.

Joto: hapa watu wanawachanganya wote kwenye kapu moja wakati hawafanani. Kambale kioo 24 mpaka 27. Oto 22 mpaka 26. Kori inategemea ni kori gani, yule panda anataka 22 mpaka 25, paleatus anapenda maji ya baridi zaidi, sterbai ndo anaweza 27, 28 bila kulalamika. Sasa mtu ana samaki diskasi kwenye maji ya 29 anamwekea kori panda, yule panda anaishi kwa kuhema tu, kila kitu mwilini kinaenda mbio na oksijeni ni ndogo, manake maji yakipata joto yanabeba oksijeni kidogo, kwenye nyuzi 20 maji yanaweza kubeba kama miligramu 9 kwa lita, kwenye 30 inabaki kama 7.5. Angalia aina unayoitaka kabla hujaangalia rangi yake.

Kupanga tangi

Kwa kambale kioo nane nisingeshuka chini ya lita 100, na urefu wa tangi uwe sentimita 80 au zaidi kwa sababu wanaogelea kwa mlalo, katikati ya maji, wamekaa upande mmoja wote wakiangalia mkondo unakotoka. Kori wadogo kama pygmaeus ambao hawavuki sentimita 3 unaweza kuwaweka kumi kwenye lita 60. Kori wa kawaida sita, lita 80 hivi kwenda juu, na hapo angalia ukubwa wa sakafu sio kimo, tangi refu la kwenda juu halimsaidii samaki anayeishi chini.

Mchanga. Si unaujua ule msemo wa nyumba ya kambale, baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu? Kwenye tangi la kori hizo ndevu ndo kipimo chako cha afya. Kori anatumia ndevu kunusa na kuonja chakula, anazamisha uso kwenye mchanga mpaka macho, anameza, mchanga unatokea mashavuni chakula kinabaki. Sasa ukimwekea kokoto kubwa hawezi kufanya hivyo, na zikiwa na ncha kali zinamkwaruza, alafu uchafu unaoozea katikati ya kokoto una bakteria wanaokula vile vidonda, ndevu zinafupika siku hadi siku mpaka zinaisha. Weka mchanga laini wa punje za mviringo chini ya milimita moja, uoshe mpaka maji yatoke safi, kina cha sentimita 3 kinatosha. Ukiona ndevu za kori zimeanza kuliwa usikimbilie dawa, safisha sakafu na ubadilishe maji mara kwa mara, kama hazijaisha kabisa nyingi zinaota tena. Nimeona zikiota.

Filta isiwe na mkondo mkali kwa kambale kioo, mkondo wa wastani tu ambao wanaweza kusimama ndani yake bila kuhangaika. Mdomo wa kuvutia maji ufunike na sponji, oto wadogo na kori wadogo wananasa pale. Hita iwe na kizuizi au iwe mahali ambapo kambale hawezi kujilaza juu yake, manake hawa wanapenda kuegemea kitu na wanaungua bila kusogea.

Mwanga hafifu, mimea mingi, mingine inayoelea juu. Kambale kioo akiwashiwa taa ghafla gizani anaruka anagonga kioo, kwaiyo washa taa ya chumba kwanza, subiri dakika kumi, ndo uwashe ya tangi. Na weka kifuniko, ila acha nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko kwa sababu kori ana tabia ya kupanda juu mbio, anameza hewa, anashuka. Hiyo hewa anaipumua kwa utumbo wake wa nyuma, ni kawaida yake, usiogope. Utakachoogopa ni wakipanda wote kila baada ya sekunde chache, hapo maji hayana oksijeni au yana kitu, pima.

Umeme ukikatika mda mrefu usiwape chakula, na kama una pampu ya hewa ya betri iwashe. Filta ya nje iliyofungwa ikikaa masaa mengi bila maji kuzunguka, bakteria wanakosa hewa na maji ya humo yanaoza, kwaiyo umeme ukirudi usiiwashe hivi hivi ikamwaga ule uozo kwenye tangi, ifungue kwanza umwage yale maji ya ndani. Hili watu wengi hawalijui na wanakuta samaki wamekufa saa moja baada ya umeme kurudi wanabaki wanashangaa.

Kuchagua na kuwaleta nyumbani

Usinunue siku ile ile waliyofika dukani. Waache wiki moja au mbili pale pale, wale waliokuwa wa kufa watakuwa wamekufa, wewe unachukua waliobaki. Inauma kusema hivi lakini ndo ukweli wa samaki waliosafiri.

Kambale kioo, angalia awe angavu kabisa, asiwe na ukungu mwilini, na wawe wamesimama pamoja wakitingisha mikia. Kori, angalia ndevu na angalia tumbo lisiwe limeingia ndani. Oto, mwombe muuzaji akuonyeshe wakiwa wameganda kwenye kioo uone tumbo kwa chini, liwe limejaa, la mviringo. Tumbo lililobonyea kwa oto ni dalili mbaya sana. Oto wengi wanakamatwa mtoni, wanakaa siku nyingi bila kula, wale wadudu wadogo wa tumboni wanaowasaidia kusaga chakula wanapungua, na akishafika hali hiyo hata ukimwekea mwani tangi zima anakula na bado anakufa. Mi siwanunui hata nikiwaonea huruma vipi, na huruma naionea kweli.

Idadi: hawa wote ni samaki wa kundi. Kambale kioo watatu wanajificha nyuma ya gogo, hawali, wanakonda, wanaisha mmoja mmoja. Nane wanatoka mbele wanasimama katikati ya tangi mchana kweupe. Kama hela au nafasi haitoshi kwa sita basi subiri, usianze na wawili ukisema utaongeza baadae kwa sababu hao wawili hawatafika hiyo baadae. Kori nao sita wa aina moja, sio kila aina mmoja mmoja, oto sita.

Usiwavue kwa wavu kama unaweza kuepuka. Kori na oto wana miiba kwenye mapezi, inajifunga ikasimama, inanasa kwenye nyuzi za wavu na watu wanavuta wanamvunja. Tumia kikombe au kopo angavu, mwelekeze aingie. Akinasa kwenye wavu uache majini atajitoa mwenyewe, ikishindikana kata ule uzi, wavu unanunulika. Na ule mwiba wa kori una sumu kidogo, ukikuchoma unauma kuliko ulivyotegemea, loweka kidole kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, joto linaipunguza nguvu.

Kuzoesha maji. Kama samaki amekaa kwenye mfuko saa moja au mbili, acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 joto lilingane, alafu mwage kwenye chombo na umdondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba, tone tone, kwa saa moja hivi. Lakini kama amesafiri siku nzima au zaidi mambo ni tofauti kabisa. Ndani ya mfuko kuna amonia aliyoitoa mwenyewe na kuna hewa chafu aliyoitoa, ile hewa chafu inashusha pH na amonia inakosa makali. Ukifungua ule mfuko hewa inatoka, pH inapanda, ile amonia inageuka sumu huku samaki amekaa ndani yake wewe unadondosha matone kwa upole. Huyo linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, mtoe mpeleke kwenye maji mazuri haraka. Kwa vyovyote vile maji ya mfuko usiyamwage kwenye tangi lako.

Na wageni wakae kwao peke yao wiki 3 au 4, tangi dogo, sponji iliyokomaa, sehemu za kujificha. Najua watu wengi wanaruka hii. Mimi siruki tena.

Chakula

Kambale kioo anakula katikati ya maji, kinachopita mbele ya uso wake. Kikianguka chini hakifuati. Kwaiyo ukiwa naye pamoja na samaki wenye pupa wanamaliza kila kitu juu na yeye anabaki na njaa akiangalia. Mwanzoni mpe vitu vinavyotembea, dafnia hai au artemia waliototoka (wote ni vijidudu vya majini), akishazoea mpe waliogandishwa, na baadae wengi wanakubali chakula kikavu kidogo kidogo ukikiachia kwenye mkondo wa filta kiwapitie. Mara mbili kwa siku, kidogo. Wiki ya kwanza anaweza asile kabisa, punguza mwanga, usikae mbele ya kioo unamkodolea macho, atakula.

Kori anataka chakula kinachozama. Kuna dhana imezoeleka kwamba kori anasafisha tangi kwa kula mabaki na kinyesi cha wenzake, hiyo imeua kori wengi sana, huyu hali kinyesi cha samaki yeyote. Mpe tembe za kuzama jioni taa zikizimwa, mara mbili tatu kwa wiki minyoo midogo iliyogandishwa. Asubuhi toa kilichobaki.

Oto usimnunue mpaka tangi lako limetimiza miezi 3 na zaidi na unaona utando kwenye mawe na magogo. Watu wanasugua kioo mpaka kinang'aa pande zote alafu wanaweka oto, atakula nini? Sugua kioo cha mbele tu, vya pembeni na nyuma muachie. Ongezea tango au zukini iliyochemshwa kidogo ikalainika, izamishe kwa uma au jiwe, itoe baada ya saa 24 isichafue maji. Wengine inawachukua wiki mbili kugundua kwamba hicho ni chakula, endelea kuweka.

Majirani: samaki wadogo wapole, tetra wadogo, rasbora. Usiwaweke na samaki wa kudonoa mapezi wala sikilidi wakubwa. Samaki mkubwa akijaribu kumeza kori ile miiba inasimama inanasa kooni wanakufa wote wawili.

Wakiumwa

Ugonjwa utakaokutana nao ni madoa meupe, kama punje za chumvi mwilini, na kwa kambale kioo unayaona mapema kabisa kwa sababu ya uangavu wake. Kidudu kinachouleta kina maisha ya hatua tatu, kinakaa kwenye ngozi ya samaki, kinadondoka chini kinagawanyika kuwa vingi, alafu vile vichanga vinaogelea kutafuta samaki. Dawa inaua wale wanaoogelea tu. Ndo maana siku ya tatu madoa yakipotea mtu anaacha dawa na wiki ijayo yanarudi mara kumi. Endelea mpaka kama siku 10 baada ya kuona doa la mwisho.

Shida ni kwamba kambale hawa hawana magamba ya kuwakinga kama samaki wengine na dawa nyingi zina shaba au malakaiti au fomalini, zinawachoma. Soma kopo, kama haijasema inafaa kwa kambale usitumie, na hata ikifaa wengi tunaanza na nusu dozi tukiwaangalia. Toa mkaa kwenye filta manake unanyonya dawa, ongeza pampu ya hewa. Kupandisha joto kunaharakisha maisha ya kile kidudu, nyuzi 28 zinasaidia, panda nyuzi moja kwa siku, ila kwa kori wa maji ya baridi angalia wanavyohema na usilazimishe. Chumvi naiacha, kambale hawaipendi na sijaona sababu ya kuwajaribia.

Na kabla ya dawa yoyote pima maji. Kori aliyelala ubavu, kambale kioo anayehangaika juu, mara nyingi sana jibu liko kwenye kipimo na tiba ni ndoo ya maji mapya.

Ukifika mahali pazuri

Kambale kioo sitegemei wazae nyumbani, ni nadra mno. Ila kori waliotulia utakuja kuamka siku moja ukute vijiyai vimebandikwa kwenye kioo, mara nyingi ni siku baada ya kubadilisha maji mengi na yale mapya yakawa ya ubaridi kidogo kuliko ya tangi, kwao ni kama mvua imenyesha mtoni. Jike anabeba mayai machache kwenye mapezi ya tumboni ameyafumbata, anakwenda anachagua sehemu, anaisafisha kwa mdomo, anayabandika, anarudi tena, hii inaweza kuchukua masaa na ukibahatika kuiona kaa chini uangalie. Wakimaliza hawana habari nayo na watayala, kwaiyo yaviringishe taratibu kwa kidole uyatoe, yaweke kwenye chombo chenye maji ya tangi lile lile na hewa ndogo ikibubujika, weka kipande cha jani la mkungu ili ukungu usiyashambulie, toa yale yanayogeuka meupe. Siku ya 3 mpaka ya 5 wanatotoka, siku mbili tatu za mwanzo wanaishi kwa kifuko cha kiini walichokuja nacho tumboni, hapo usiwape kitu. Kikiisha wape artemia waliototoka siku hiyo hiyo, kidogo kidogo mara tatu kwa siku, na kila siku nyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba ubadilishe maji kidogo kwa maji ya tangi la wazazi wao.